Chumba Hakina Mtu, Namba Inapanda

Jumatatu, 4 Machi

Shingo zimerefuka tena! Nimefungua stoo asubuhi nikaukuta uyoga umejinyoosha hadi aibu. Shingo ndefu, kofia ndogo kama vifungo vya shati. Ni hewa tu. Uyoga unapumua kama sisi, unatoa hewa ukaa, na ikijaa chumbani unarefuka kuitafuta hewa safi. Nikiwasha feni unatulia na kunenepa. Lakini feni inanguruma, na upande wa pili wa ukuta amelala shemeji, mume wa dada. Analinda ghala usiku, analala mchana. Na mchana ndipo joto linapanda na uyoga unaitaka feni! Basi nimezima. Mpishi wa hoteli kaukataa mzigo, kasema hakuagiza twiga.

Jumatano, 6 Machi

Nilijaribu kuwasha kidogo tu. Shemeji katoka chumbani, macho mekundu, shuka begani. Kasema yeye na feni mmoja ahame, na feni haina mke humu ndani. Mimi nikacheka. Dada hakucheka. Baadaye jikoni kanikumbusha kwamba stoo ile kaniombea yeye, tena kwa kumbembeleza mumewe wiki nzima. Nisimwangushe.

Nimekaa stoo juu ya ndoo niliyoipindua, nikawasha feni shemeji akiwa bafuni, nikaisikiliza. Kumbe kelele ni mbili! Moja ya mota, inautetemesha ukuta. Ya pili ni upepo unaotoka kwenye bomba la feni la kutolea hewa huko nje, chini ya dirisha lake kabisa. Miezi yote hii nilikuwa naisikia kama moja.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeweza! Feni nimeitundika kwa mipira niliyokata kutoka tairi la ndani la baiskeli, haigusi ukuta tena. Bomba nimelivisha sponji ya godoro la zamani. Halafu — hapa ndipo ninapojisifu — badala ya kulitoa nje nimeligeuza juu, likaingia darini. Upepo unaishia huko kwenye vumbi na giza, nani ausikie?

Nimeweka sikio ukutani. Kimya. Shemeji kalala mpaka alasiri, katoka anajinyoosha, ananiita fundi mkuu. Dada kaniwekea kipande kikubwa cha nyama.

Jumanne, 12 Machi

Kofia pana kama viganja! Mpishi kachukua wote na anataka mwingine Jumamosi. Nimetembea kwa madaha njia nzima kurudi nyumbani.

Shemeji anasema kichwa kinamgonga kila akiamka. Eti kimya kimezidi, hajakizoea. Tumecheka sana.

Alhamisi, 14 Machi

Nyumba imenuna. Shemeji kakutwa kalala lindoni, tena mara ya pili wiki hii. Msimamizi kasema huyu kanywa. Yeye anaapa hajagusa. Dada kamsogelea akamnusa mdomo mbele yangu — nikajifanya nakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Hajanusa pombe. Hajaamini pia. Mtu alale kutwa, usiku alale tena, ana nini kama si ulevi? Jumatatu anaitwa ofisini. Ikithibitika, kazi hana.

Na kweli, ana nini? Analala kuliko sisi sote, na anazidi kuchoka. Swali hili halinitoki kichwani.

Jumamosi, 16 Machi

Mpishi kafurahi. Bwana anayeniuzia mbegu kaniazima kipima hewa, kidude kidogo tu, kinaenea mfukoni. Kinaonyesha namba ya hewa ukaa. Uani mia nne. Stoo, mbele ya mifuko ya uyoga, mia nane — safi, kasema ikipita elfu moja ndipo shingo zinaanza. Nyuma ya mifuko, feni inapovuta, elfu nne. Jikoni elfu moja na mia mbili, dada anachemsha maji. Nimekipulizia pumzi yangu, kikaruka mpaka kikaanza kulia! Nimekipeleka bafuni, chini ya meza, ndani ya kabati la vyombo. Dada kaniuliza kama na mimi nimeanza kunywa.

Jumapili, 17 Machi

Sijui niandikeje.

Shemeji kaamka na kichwa chake, kaenda kunyoa. Dada kanituma nikatoe mashuka machafu chumbani kwao. Kipima kilikuwa mfukoni. Nikakitoa, basi tu, kwa kiherehere changu. Elfu tatu na mia mbili! Nikajiambia ni pumzi zake, kalala dirisha limefungwa na blanketi juu yake kuzuia mwanga. Nikafunga mlango, nikakaa nje na fungu la mashuka, nikarudi baada ya muda. Elfu tatu na mia tano.

Chumba hakina mtu na namba inapanda. Nani anapumua?

Nikatazama juu. Pembeni mwa dari ubao mmoja umeachia, nafasi ya vidole viwili. Nikanyoosha mkono. Upepo! Mwanana, wa uvuguvugu, unanuka uyoga. Huko darini hakuna ukuta kati ya stoo na chumba chao.

Nimekwenda kuzima feni. Baada ya saa moja namba ilikuwa imeanza kushuka. Hewa hii uyoga inaurefusha shingo, shemeji inampa kichwa na usingizi usiopumzisha.

Nilitaka kusema palepale. Sikusema. Nikisema, stoo inarudi kuwa stoo, na mimi narudi kuomba nauli ya kila safari. Ningeweza kuligeuza bomba kimyakimya, nani ajue? Lakini huko ofisini atabaki mlevi. Na kwa dada pia. Shemeji leo mchana kalala uso ukutani; kaondoka kwenda lindoni, na dada kaja kulala kwangu. Naogopa, na ninajionea aibu kwa kuogopa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeamua. Nimemsubiri shemeji arudi kutoka kazini, nikaenda sebuleni na kipima mkononi. Nilipofika penye pazia nikamsikia akimwambia dada.

"Haya mke wangu, nilikunywa. Mara mbili tu. Na ofisini nitasema hivyohivyo. Anayekubali wanampa onyo, anayebisha wanamfukuza."

Dada akalia. Kisha akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumwambia ukweli. Akamshukuru!

Nikaingia nikasema hakunywa. Shemeji akaniambia kwa upole kabisa nisijali, haya ya watu wawili. Dada akanigeukia: wewe unajuaje?

Nikampa kipima, nikamwonyesha namba ya kutazama, nikawaomba waingie chumbani kwao, wafunge dirisha na mlango, wasubiri. Shemeji akasema mchezo gani huu na saa nne naitwa. Dada akamvuta mkono.

Mimi nimekuja stoo. Nimewasha feni. Naandika nikiwa juu ya ndoo.

Ukutani nawasikia vizuri kabisa. Dada anamsomea namba kwa sauti, kama anayemsomea mtoto. Elfu moja na mia moja. Elfu moja na mia tatu. Shemeji anauliza ndiyo nini sasa? Dada anasema sijui, inapanda. Elfu moja na mia sita. Anasema hebu nyamaza — unasikia harufu?

Kitanda kimelia. Kuna mtu kapanda juu yake. Anagonga dari, ubao kwa ubao, anakuja huku. Mkono wangu uko kwenye swichi. Sijazima. Bomba limeanza kutikisika.