Sijaposwa Mimi

Jumatatu, 7 Mei 1956
Nimefua ovaroli ya chuo, nimeianika, mvua imeilowesha tena. Tangu nirudi Ifakara na cheti cha ufundi mitambo, kazi mbili zinanisubiri. Serikali inataka fundi wa pantoni hapa mtoni. Tajiri wa mashine ya mpunga naye ananitaka. Mshahara mzuri na posho ya mchele, ila nitakuwa chini ya mwanawe asiyejua spana inashikwa wapi. Mkataba miaka mitatu. Simtaki. Naitaka pantoni.
Jioni mchuzi wa mbuzi. Mjomba katuletea paja zima. Tamu sana.

Jumatano, 9 Mei
Ofisini. Karani kanitajia mshahara wa pantoni. Mdogo kuliko wa Anselmi, tuliyesoma naye darasa moja, aliyepewa kazi hiyohiyo kwenye pantoni nyingine. Nikauliza sababu. Eti Anselmi kaenda ugenini, mimi niko kwetu, wali nakula kwa mama.
Masikio yaliniwaka. Wali wa mama si mshahara wa serikali. Nimemwambia, sawa na Anselmi, ama pantoni waivute kwa kamba.

Ijumaa, 11 Mei
Balaa. Tajiri kaniita sokoni "fundi wangu". Wako tangu lini? Kumbe alimpelekea mjomba mbuzi kule Katindiuka. Mjomba kapokea, kachinja. Kwetu mjomba akishapokea, neno limekwisha. Lakini hayo ni mambo ya posa. Mimi mwali?
Nimekwenda. Shikamoo mjomba, nimekuja kukataa. Akacheka. "Utakataaje na paja umekula?"
Kweli. Nimekula, na mchuzi nikausifu.

Jumamosi, 12 Mei
Nina hasira na mjomba, na ni mpunga wake ulionisomesha. Yote mawili ni kweli. Ila posa huvunjwa. Mali inarudi, basi. Mbuzi kwa mbuzi.
Sina mbuzi. Nimetoa baiskeli yangu, nimepewa beberu. Watu wamenicheka njia nzima. Wacheke.

Jumatatu, 14 Mei
Nimemkokota beberu hadi mashineni, mchana kweupe, mbele ya wote waliokuja kukoboa. Tajiri akaongeza mshahara palepale. Nilisita. Sijidanganyi, nilisita. Halafu nikamfunga mbuzi mlangoni, nikasema posa imevunjika. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele.
Mjomba hanisemeshi. Ofisi kimya. Sina kazi, sina baiskeli. Sijutii.

Ijumaa, 25 Mei
Injini ya pantoni imekufa. Karani kaja mwenyewe mpaka nyumbani, jasho linamtoka. Eti niitengeneze kwanza, mshahara tutaongea baadaye. Nimesema mshahara kwanza. Kanikumbusha kuwa watu wa kwetu wamekwama ng'ambo na mpunga wao. Najua. Mama yangu yumo. Imeniuma, na sikwenda.

Jumapili, 27 Mei
Mama kavuka kwa mtumbwi. Nilimsubiri nikijua nitalaumiwa. Akatua mzigo, akakaa, akauliza kama wameniandikia mshahara sawa na wa Anselmi.
Bado, mama.
"Basi kaa."
Akapika wali. Nimekula.
Ovaroli imekauka. Naiacha kwenye kamba.