Kanisa Lisiloimba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia angalau usingizi wa alfajiri. Mimi huku sijambo, kazi ipo, chumba hakivuji. Ila nimekasirika, na nimeona nikwambie mapema usije ukasema nimekuficha. Nisalimie Dada na wanawe. Mwambie gauni alilonishonea limenikaa vizuri, ingawa siku niliyolivaa ilikuwa siku ya aibu.

Uliniuliza kama nimepata kanisa na kama naitunza sauti. Ukaniambia pia kwamba kifua kimekuchosha, na kwamba umeshawaahidi wazee wa kanisa kuwa mwisho wa mwaka narudi kuishika kwaya yako. Umewaahidi kabla ya kuniuliza, Baba. Nitakujibu, lakini acha kwanza nikusimulie.

Unajua nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Ninayekunja naye mashuka ni mama mtu mzima, mwenyeji wa huku, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Tunashika shuka, yeye ncha mbili na mimi mbili, tunalivuta, tunakutana katikati, tunaachana. Siku moja mashine zilipozimwa akaniambia kama sina pa kusali niende naye kwao, maana nao ni Wakristo. Nilifurahi mno. Jumapili nikajipigilia gauni la Dada, nikanywa maji ya uvuguvugu kulainisha koo kama ulivyonifundisha, na njiani nikawa napanga salamu nitakazotoa wageni watakaposimamishwa.

Hakuna aliyesimamishwa. Kanisa lenyewe ni chumba cheupe kama darasa, mabenchi yanatazamana, hakuna madhabahu, hakuna kinanda, hata mimbari hakuna. Watu waliingia mmoja mmoja, wakakaa, wakainamisha vichwa, basi. Nikajua mchungaji amechelewa. Nikawa naangalia mlango. Tumbo la bwana mmoja likanguruma, kila mtu akalisikia, na hakuna aliyecheka. Watu wazima na akili zao wamekaa kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Wewe unanijua, kimya kinaniwasha mwili mzima. Nikasema moyoni kwamba huyu mchungaji hana adabu, na wazee wa kanisa hili wamelala.

Basi nikafanya kile ambacho yeyote wa kwetu angefanya. Mhubiri akichelewa, mwenye sauti hunyanyua pambio ili watu wasipoe. Nikasimama, nikapiga makofi, nikalianzisha lile ulilolitunga wewe mwenyewe la kukaribisha ibada. Nikaimba mstari wa kwanza, nikawaachia nafasi ya kiitikio. Kimya. Nikadhani nimeanza juu sana, nikashusha. Kimya. Walinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani anayecheza sebuleni kwake. Nikaitikia mwenyewe, nikamaliza ubeti mwenyewe, mpaka yule mama akanivuta gauni taratibu. Nilikaa chini nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baadaye ndipo akanieleza kwamba ibada ilikuwa imeanza zamani. Kule hakuna mchungaji. Wanakaa kimya mbele za Mungu, na aliyepewa neno husimama akalisema, kisha hukaa. Kwa hiyo walidhani wimbo ule nimepewa. Yule bwana wa tumbo alikuja kunishukuru, eti umemfaa sana. Hapo ndipo nilipozidi kupandwa na hasira, maana afadhali angenicheka. Njiani nikamwambia yule mama kwamba kwetu angalau Mungu anajulishwa kuwa watu wamefika. Akacheka, akasema huenda aliwaona wakiingia.

Sasa, Baba, kuna jambo nimelizungukia tangu mwanzo wa barua hii. Nilipokaa chini, kimya kilirudi, na sikuwa na kazi ya kufanya. Hakuna wimbo wa kuwahi, hakuna sauti ya pili ya kuangalia kama imepotea. Nikamkumbuka Mama.

Siku ya mazishi yake uliniambia niongoze nyimbo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzimudu. Niliongoza kutoka nyumbani mpaka kaburini. Walipokuwa wanamshusha, waimbaji wa besi walikuwa wanaburuta, nikageuka kuwapa ishara wakaze mwendo. Nilipogeuka tena, udongo ulikuwa umeshalifunika jeneza. Sikumwona Mama akishuka. Watu walinipongeza kwamba nimemsindikiza vizuri, na wewe ukaniambia nimekutoa aibu. Sikulia siku ile, wala sikulia tena baada yake. Ndugu wote walilia mimi nikiwaimbia.

Nililia katika kile chumba cheupe, Baba, nililia mpaka kamasi. Kwetu nisingefika mbali, mtu angeshanyanyua wimbo wa kunifariji. Wale hawakufanya lolote. Yule mama alisogea kidogo tu, bega lake likagusa langu, tukabaki hivyo mpaka watu walipoanza kupeana mikono.

Nimerudi tena kule, na bado wananiudhi. Mabenchi yao yanavunja mgongo, na siku nyingine natoka nimechoka bila kupata neno hata moja. Sisemi wao ndio wenye haki. Lakini kwaya sishiki. Mpe yule fundi cherehani wa sauti ya pili, kazi anaijua na anaipenda. Waambie wazee mimi ndiye niliyekataa, usijibebeshe lawama.

Nina hasira nawe, na sijawahi kukwambia hivyo maishani mwangu. Wewe ulikuwa upande wa pili wa kaburi, mikono juu, unahesabu mapigo. Nafikiri na wewe hukumwona.

Mwisho wa mwaka nitakuja likizo. Dada atutengee chai, kisha atuache sebuleni, mimi na wewe. Nitakapoanza kulia, nakuomba sana, Baba, usianzishe wimbo.

Wape salamu jirani zetu na wanakwaya wote. Vaa sweta asubuhi, na dawa ya kifua usiiruke.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba