Nywele Kwenye Makuti ya Jikoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako kikohozi kimemwachia, na shangazi yako yuko Rutamba anavuna ufuta.

Umeniuliza kama umerogwa, maana tangu ujifungue nywele zinabaki kwenye chanuo. Nami niliwaza hivyo hivyo enzi za Mwingereza, nilipomzaa baba yako hapa Kivinje. Tulifundwa mwanamke asiache nywele zake zilizong'oka zionekane, wabaya wasije wakazichukua. Basi kila nikichana niliziviringa donge, nikalichomeka kwenye makuti ya jikoni, nikalia peke yangu. Niliyemshuku ni mama mkwe.

Siku ya kuezeka upya, makuti yakashushwa uani. Madonge yakamwagika: yangu meusi, ya wifi yangu yenye hina, na ya mama mkwe yenye mvi. Tukatazamana. Mama mkwe akaangua kicheko.

“Kumbe sote! Nami nikidhani umeniroga wewe!”

Zangu zilirudi, mama. Zako zikikuacha upara, nenda hospitali. Ila kwanza muulize mama mkwe wako, zake huzificha wapi.

Ni mimi bibi yako,
Somoe