Mashine Isiyokula Diski

Jumapili, 7 Septemba

Misa ilipoisha, sisi wacheza gemu tukakutana pale kwenye ukuta wa kanisa kama kawaida. Leo tulikuwa wanne. Mwaka juzi tulikuwa kumi na wawili, kila mtu na diski zake ndani ya mfuko. Ukimaliza gemu unaandika jina lako kwenye plasta nyuma ya kasha, kisha unampa mwenzako. Kasha la mbio za magari lina majina tisa. Langu ni la tatu. Wawili kati ya hao tisa wamehama Juba, mmoja amefariki.

Bullen, mmoja wetu, alikuja mikono mitupu. Ameuza mashine yake ya gemu soko la Konyo Konyo, sasa anacheza kwenye simu juu ya bodaboda yake akisubiri abiria. Alisema tusijisumbue, kampuni zenyewe zimechoka na diski. Nilimjibu kwa ukali. Nimerudi nyumbani na hasira na sijui ni za nani.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunibishia. Diski ni yako. Unaiazimisha, unaiuza, unamwachia mtu. Gemu ya kupakua si yako, umeruhusiwa tu kuitumia mpaka wenyewe wabadilishe mawazo. Na hizo diski zenyewe siku hizi ni nusu. Unatia, unaambiwa subiri, gemu haijakamilika, pakua iliyobaki. Kwa mtandao gani? Mtu anakuuzia nyumba bila paa halafu anataka umshangilie akileta mabati.

Jumanne, 9 Septemba

Ujumbe kutoka kwa Poni. Dada yangu, mkubwa wangu, yuko Melbourne. Hatujasikiana sauti tangu mama azikwe, na huu ni mwaka wa pili. Hakuja mazishini. Aliandika mistari miwili.

Sasa anasema kuna mtu wa kanisani kwao anasafiri kuja Juba, amempa mashine ya gemu aniletee. Ile mpya. Anataka tucheze gemu ya mpira kama zamani Kitale, Kenya, tulipokuwa wakimbizi.

Kitale tulikuwa na mashine ya kuazima na padi moja ya kuchezea. Yeye kipindi cha kwanza, mimi cha pili. Alikuwa ananiachia timu imeshafungwa mabao manne, halafu anacheka. Nimefurahi. Sikutaka, lakini nimefurahi.

Jumatano, 17 Septemba

Imefika. Nimeifuata mtaa wa Gurei kwa huyo mgeni, mvua njia nzima. Niliifunika kwa koti nikalowa mimi.

Nimeifungua mezani. Haina tundu la diski.

Niliigeuza pande zote kama mjinga. Hakuna. Nina diski ishirini na sita kwenye sanduku la bati na hii mashine haili hata moja.

Nikamtumia Poni ujumbe wa sauti. Dakika saba. Nilimweleza yote. Kwamba wenye kampuni wanatoa gemu ile ile ya mpira kila mwaka wakibadilisha jezi. Kwamba wanafukuza mafundi wiki ile ile gemu yao inasifiwa. Kwamba siku wakizima seva, mnunuzi anabaki na picha kwenye skrini. Kwamba mashine kama hii inatengenezwa na watu wasiojua kuna mahali mtu anahesabu bando, na inanunuliwa na watu waliosahau. Nikasema wewe huwa hufikirii. Nikasema hata mama hukumfikiria.

Hilo la mama halikuwa na uhusiano na mashine. Najua.

Alhamisi, 18 Septemba

Amesikiliza. Alama mbili za bluu tangu asubuhi. Nimeiangalia simu mara kumi.

Jumamosi, 20 Septemba

Tulifunga paneli za sola kwenye zahanati, tukarudi karakana mapema. Nikamsimulia Mzee Taban, bosi wangu. Nilitaka anitetee. Yeye amekulia Arua, Uganda, Kiswahili chake ni cha huko na maneno hayapambi.

"Wewe iko na dada mzima," akasema, "na unagombana na boksi."

Halafu akaniruhusu kuiunganisha na intaneti ya setilaiti hapo karakana. Nikaiwasha. Ikaandika: Chagua nchi yako. Orodha ndefu, kuna visiwa humo sijawahi kuvisikia. Sudan Kusini haimo. Wachezaji wote ninaowajua Juba wanaishi Kenya au Marekani ndani ya mashine zao. Hii imeniudhi miaka yote na leo imeniudhi upya.

Chini kabisa ndani ya boksi, chini ya kadibodi, kulikuwa na karatasi. Mwandiko wa Poni. Amenifungulia akaunti ya huko kwao, ameandika nenosiri kwa herufi kubwa nisikosee. Mwishoni: Nimenunua gemu ya mpira mara mbili, yako na yangu. Yako iko ndani ya akaunti tayari.

Kwa hiyo alifikiria. Karatasi ilikuwa hapo siku zote, na mimi sikuinua hata kile kipande cha kadibodi. Nimejisikia vibaya sana. Gemu inapakuliwa mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeharibu.

Upakuaji ulikwisha. Mashine ikaomba tarehe ya kuzaliwa ya mwenye akaunti, kuhakikisha ni mimi. Nikaandika 19 Oktoba. Ikakataa. Nikadhani nimebonyeza vibaya, nikarudia. Ikakataa. Nikarudia mara ya tatu kwa hasira. Akaunti ikafungwa.

Ndipo nikakumbuka. Kadi zetu za ukimbizi. Sote mle tumezaliwa tarehe moja Januari. Mimi, Poni, mama mwenyewe, majirani. Karani aliuliza, mama akajibu ilikuwa wakati wa kuvuna karanga, karani akaandika moja Januari na kumwita anayefuata. Poni alisafiri na karatasi hizo. Kwake mimi ni wa Januari. Hii ya Oktoba niliipata baada ya sisi kurudi Juba, kwenye kadi yangu ya ubatizo hapa parokia ya Kator, na Poni alikuwa ameshaenda Melbourne. Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa naisherehekea peke yangu kama siri ya kijinga.

Sasa mashine inasema namba ya kufungulia itatumwa kwenye simu ya Poni. Inadumu dakika kumi. Maana yake lazima nimpigie, na awe tayari kupokea, na anisomee.

Jumatano, 24 Septemba

Sijampigia.

Jana nilijiambia yuko kazini. Leo nikajiambia amelala. Uongo wote. Naogopa. Asipopokea, basi imekwisha. Mama hayupo, baba sikumjua, kaka zetu wawili hatujui walikoishia. Poni ndiye mtu pekee aliyebaki niliyekula naye sahani moja. Nimemtukana kwa sababu ya tundu la diski.

Jioni nikatia diski kwenye mashine ya zamani. Nilicheza saa mbili, nikashinda kila mechi. Haikuwa na ladha. Nikaizima.

Mashine mpya bado iko karakana, na Mzee Taban anataka meza yake.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepiga, nikiwa karakana mbele ya mashine. Saa tatu asubuhi hapa, kwao jioni. Simu iliita mpaka nikataka kukata, akapokea.

Sikumsalimia. Nilisema nahitaji namba. Aibu imenikaa mpaka sasa. Akanisomea tarakimu sita, polepole, kama anamsomea mtoto. Akaunti ikafunguka. Nikamweleza kwa nini ilifungwa, kuhusu Oktoba na ile kadi ya ubatizo.

"Kwa hiyo miaka hii yote nakutakia heri siku ambayo si yako," akasema.

Kila mwaka mpya alikuwa akiniandikia. Mimi nilidhani ni salamu za mwaka mpya.

Halafu akazungumza mwenyewe, sikumuuliza. "Wani, karatasi zangu zilikuwa uhamiaji. Ningetoka nchini, singeruhusiwa kurudi, na watoto wangu wako hapa. Siku ile nilikaa ndani ya gari nje ya kazi mpaka nikajua mmemaliza kuzika. Halafu nikaingia kazini."

Miaka miwili nimembebea kinyongo na sikuwahi kuuliza hata mara moja. Nikasema malesh, yaani samahani. Neno dogo mno kwa jambo kama hilo, lakini ndilo lililotoka. Alisema yameisha. Sidhani yameisha. Tumekubaliana kucheza Jumapili.

Jumapili, 28 Septemba

Sikwenda ukutani leo. Baada ya Misa nilikuja moja kwa moja karakana, Mzee aliniachia ufunguo.

Saa tisa alasiri. Kwao saa tano usiku. Alikuwa ametoka zamu, anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Sauti ilikuwa imechoka. Nilimwambia tuache, akakataa.

Mpira unachelewa. Unabonyeza, mchezaji anafikiria kwanza, halafu anapiga. Hakuna seva yoyote karibu nasi, inabidi kila pasi izunguke dunia. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Sikuyasema.

Kipindi cha kwanza aliuliza kuhusu kaburi. Nikamwambia lilipo. Nikamwambia mvua ilinyesha, kwaya ikaimba hivyo hivyo, na majina ya watoto yaliposomwa, lake lilisomwa, nilihakikisha. Hiyo ni kweli. Nilisikia anavuta kamasi, na mchezaji wake akautoa mpira nje.

Kipindi cha pili, kama dakika ya sitini, wachezaji wake wakaanza kuzurura. Nikamwita. Nikamwita tena. Kwenye hedifoni kulikuwa na pumzi tu, nzito na za taratibu. Amelala na padi mkononi.

Gemu ikaniuliza kama nataka kupewa ushindi, mpinzani hachezi. Nikabonyeza hapana.

Goli lilikuwa wazi. Nikaurudisha mpira kwa mabeki wangu, huyu kwa huyu, huyu kwa huyu, mpaka filimbi ya mwisho. Sifuri kwa sifuri.

Sikuzima. Nilikaa na hedifoni masikioni, padi nimeiweka mezani, mpaka laini ilipokatika yenyewe.