Mjukuu Wangu wa Kichochoroni, Da Nang

Jumatano, 19 Februari 2025

Nimefika Vietnam. Kichochoro chao gari haliingii. Teksi ilituacha barabarani, na Tuan, mkwe wangu, akajitwisha begi langu kichwani kama mpagazi wa stendi ya Msamvu, ili nicheke. Nilicheka. Kisha mlango ukafunguliwa, nikaona picha ya Filomena ukutani, na mbele yake bakuli la wali na chungwa. Nikakaa chini palepale.

Mwanangu alitokea nyumba hii Novemba kwenda hospitali. Homa tu. Hakurudi. Wakati wanamzika, mimi niko Kilakala, Morogoro, nahangaikia pasi ya kusafiria.

Huo wali kapika Ba Hoa, mama yake Tuan. Tuan anasema kila asubuhi lazima ampe Filomena kwanza, ndipo wengine wale. Mama mdogo wa umbo, mikono migumu. Alinikumbatia akalia kwa lugha yake, mimi nikalia kwa yangu.

Na mjukuu wangu Chausiku! Miaka minne sasa. Alinichungulia nyuma ya miguu ya Ba Hoa. Hapa wanamwita Linh. Kichwa kimesukwa mistari, imepinda kidogo upande wa kushoto. Macho ni ya mama yake.

Jumapili, 2 Machi

Kelele za mtaa huu! Alfajiri jirani anapanga vistuli nje, vifupi kama vya watoto wa chekechea, na watu wazima wanakunja magoti wanakunywa supu ya tambi. Jioni kila nyumba ina spika, wanaimba hata wasiojua kuimba. Pikipiki zinalala sebuleni pamoja na watu. Na Wazungu wamejaa, wamepanga vyumba, siku nzima wako na laptop zao vibarazani. Nimemuuliza Shamimu wanafuata nini huku.

— Bei, Mama! Chumba chee, chakula chee, bahari ile pale. Mimi mwenyewe nimenasa.

Shamimu ni binti wa Msamvu, anapanga chumba cha juu nyumba ya tatu, anafundisha Kiingereza. Siku ya kwanza alinipigia shikamoo akiwa mwisho wa kichochoro, kwa sauti, mpaka mbwa wakabweka. Nilifurahi sana kuisikia.

Leo nilikwenda Misa. Sikuelewa neno, lakini pa kupiga magoti napajua.

Mchana Ba Hoa kaleta ua la mgomba, kalikatakata kama kabichi. Kwetu milimani hilo linaoza shambani! Akaona uso wangu, akanilisha mwenyewe mdomoni. Tamu, na ukakasi kwa mbali. Filomena alinisimulia kwenye simu nikamwambia acha uongo.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba ni nyembamba, ngazi moja. Na Tuan bado anashika adabu za ukweni alizofundishwa kwetu. Anakohoa kabla ya kuingia. Tukikutana ngazini anageukia ukuta mpaka nipite. Ba Hoa kaona mwanawe anakohoa na kuganda ukutani, kamchemshia tangawizi! Tuan kainywa yote, hakueleza kitu.

Alikuja Morogoro na kampuni ya simu, kufunga minara. Mnara mmoja ulikuwa juu ya Mkuyuni, na chini yake nyumba ya kaka yangu Anselmi. Hapo ndipo alipomwona Filomena. Siku ya posa alichuchumaa kwenye mkeka na shati lake jeupe, akanywa togwa akaomba tena. Anselmi akamuuliza mbele ya wote: watoto mtakaowapata ni wa nani? Tuan akajibu kama alivyoelekezwa: wa mama yao, na wa wajomba zao. Wakapiga vigelegele.

Hivyo ndivyo tulivyo sisi Waluguru. Baba anapendwa, anaheshimiwa, lakini mtoto ni wa kwa mama. Sidhani kama siku ile kuna aliyefikiria ingekuja kuwa hivi.

Jumanne, 25 Machi

Anselmi kapiga kwa video. Nyuma yake nimeuona mnanasi wangu, umekauka.

— Dada, umekwenda kutembea au umekwenda kumchukua mtoto?

Nikasema nimekwenda kuona kaburi kwanza.

— Kaburi umeliona. Filomena alikuwa binti yako peke yake. Huyo mtoto ndiye mlango uliobaki. Wa lukolo letu huyo, ukoo wetu, si wa hao. Ukimwacha huko, ukifa wewe, shamba la mama linakwenda nyumba nyingine na jina letu linaishia hapo.

Ni kweli yote. Wanangu wengine ni wa kiume, watoto wao ni wa kwa wake zao.

Akaongeza: huku matanga tulianua, wote tulinyoa. Mmebaki wewe na mtoto. Mnyoe, ujinyoe, msiba utoke mwilini. Mtoto habebi kifo cha mama yake kichwani mwaka mzima.

Hilo limenikaa. Ni kweli hajanyolewa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya leo. Ba Hoa alikuwa sokoni, Tuan kazini. Nilianza na mimi. Kisha nikamkalisha Chausiku kwenye beseni ukumbini, nikafumua mstari mmoja mmoja, nikakata, nikanyoa kwa wembe mpya, taratibu. Nikamwimbia ule wimbo wa kutwanga ambao mama yake alipenda. Hakulia. Alicheka, aliona kichwa changu kinang'aa. Alisema, Bibi, tumefanana!

Nilisikia kifua kimefunguka. Mara ya kwanza tangu Novemba.

Kisha Ba Hoa akaingia na vikapu. Alimtazama mtoto. Akatazama beseni. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alipiga magoti akaanza kuokota nywele sakafuni, zote, mpaka zilizoingia chini ya pikipiki, akazifunga kwenye kitambaa. Akapanda juu. Chakula cha usiku tumekula bila yeye.

Jumapili, 6 Aprili

Hajashuka. Wali wa Filomena leo kaweka Tuan.

Nimekwenda kwa Shamimu, nikamwambia sielewi. Nimemtoa mtoto msibani, kosa liko wapi? Hakunitania leo.

— Mama, unajua nani aliyekuwa anamsuka Linh?

Nikasema, si wewe?

— Mimi? Dada Filo alipofariki, yule bibi alikuja hapa na mtoto mkononi, kaninyooshea chanuo. Nywele zilikuwa zimejifunga, mtoto analia hataki kuguswa. Nikamwonyesha. Tangu hapo kila jioni yuko hapa sakafuni, anajifunzia kichwani kwangu! Nilikwenda kazini nimesukwa kama jogoo aliyenyeshewa, wanafunzi wakacheka. Alikuwa anasema, mama yake akirudi kuangalia, asikute mtoto mchafu.

Shamimu akanipa chai, nikaiacha ikapoa.

Mimi nilidhani naondoa msiba. Kumbe mistari ile iliyopinda ndiyo ilikuwa matanga ya Ba Hoa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ba Hoa ananisalimia tena, ananipakulia. Lakini hanilishi. Nilijaribu kuomba radhi, nikapiga magoti mbele yake. Alinivuta juu haraka, kaona aibu, akanipangusa goti. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tuan alikohoa mlangoni, nikamkaribisha. Alikaa mbali, akitazama chini. Viza yangu inaisha katikati ya Mei, lazima nitoke. Kasema:

— Mama, Mjomba Anselmi ananipigia. Mimi niliahidi mbele ya watu. Kwetu mtoto ni wa kwa baba, lakini mimi niliahidi kwenu. Mama akisema anaondoka na Linh, nitasaini karatasi, nitakata tiketi. Mama akisema abaki, nitamwambia Mjomba mwenyewe, anitukane mimi.

Nikamuuliza, na wewe unataka nini, baba?

Akainua macho kwenye picha ya Filomena.

— Mimi nikisema, nimevunja ahadi.

Akainuka, akatoka kinyumenyume kama alivyofundishwa. Heri angekuwa mkwe mkorofi. Na mkorofi ningejua la kufanya.

Jumatatu, 5 Mei

Nimesema ndiyo. Nilisema jana, baada ya Anselmi kupiga na wazee wote wamekaa nyuma yake. Nilisema mbele yao: naja naye. Wakashangilia. Tuan kasaini, tiketi ziko mbili.

Leo nimemwambia Chausiku. Nimemweleza Morogoro: milima, kijito nyuma ya nyumba, mafenesi, binamu zake wengi. Alisikiliza vizuri. Akauliza kama huko kuna wa kumfundisha Bibi wa hapa Kiswahili, maana hajui, atapotea sokoni.

Nikamwambia Bibi wa hapa haendi.

Hakulia. Alishuka mapajani mwangu, akaenda jikoni, akakaa chini ya meza Ba Hoa alipokuwa anamenya vitunguu saumu. Alikaa humo mpaka chakula.

Kila nikimtazama namwona Filomena. Hata kukaa chini ya meza ni kwake. Nampeleka kwao au namng'oa kwao? Mungu anisamehe, sijui.

Jumanne, 13 Mei

Naandika nimekaa ngazini. Teksi ishafika, iko barabarani.

Ba Hoa ndiye aliyefunga begi la mtoto, hakukubali nimsaidie. Kaweka sweta, Tuan kamwambia milimani kwetu kuna baridi. Kaweka chanuo na mafuta ya nazi, kwa nywele zitakazoota. Hajalia. Alikuja akasimama mbele yangu na mikono imeshikana, kama mtu aliyeitwa shaurini, akasema maneno mengi. Tuan akatafsiri:

— Anasema Linh akiota vibaya, hataki kubebwa. Anataka ashikwe sikio, hili la kulia, polepole, mpaka alale. Anauliza, Mama anaweza?

Naweza. Sikio si kitu. Lakini nimekaa nyumba hii tangu Februari, na mtoto anaota vibaya, na mimi sikujua. Hajawahi hata kuja kwangu.

Nikamwambia Tuan amjibu kwamba naweza. Ba Hoa akaitikia kwa kichwa. Akashukuru! Akanishukuru mimi.

Shamimu kaja kuaga, kasimama mlangoni, leo hana mzaha. Ananitazama tu. Chausiku amevaa viatu vipya, amekaa mgongoni kwa Ba Hoa, shavu kalibandika shingoni kwake, macho yako wazi. Ba Hoa kamshika miguu kwa nyuma, anayumba naye kidogo kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Simu yangu inaita. Anselmi. Wanataka kujua kama tumeshatoka, watakuja kutupokea Dar na gari la kukodi, wanawake wameshaanza kupika Mkuyuni. Inaita inakata, inaita tena.

Tuan amerudi kutoka barabarani, jasho linamtoka. Kasimama kando ya ngazi, kageukia ukuta kama kawaida yake.

— Mama, dereva anasema hapo hawezi kusimama sana. Nibebe mabegi yote mawili?

Nimemwambia, anza na langu, la mtoto liache kwanza.