Machozi Nyuma ya Duka la Mikate

Shangazi Ágota wa safu ya barua, jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri: nimemwiba mtu akilia. Nina miaka kumi na sita, shuleni tunasoma Kihungari asubuhi na Kikroati mchana, na kwa lugha zote mbili mimi ni bubu mbele za watu, ndiyo maana naipenda kamera yangu, ndogo, haina kile kioo cha ndani cha kuruka na kupiga kelele, mlio nimeuzima kabisa, naishika kiunoni, kiwambo chake nakikunja kitazame juu, napiga huku watu wakidhani nachezea zipu ya koti.

Jumanne ya mwisho ya sikukuu yetu ya kuufukuza msimu wa baridi, jeneza la Baridi likipelekwa uwanjani kuchomwa, wanaume wa mtaa wote wamevaa ngozi za kondoo na vinyago vyenye pembe, kamera ilihangaika, maana huwa inatafuta yenyewe jicho la mtu na vinyago vinaichanganya, mpaka mmoja akachepuka nyuma ya duka la mikate, akainua kinyago, na kile kimraba cha kijani cha kulengea kwenye kiwambo kikamnasa jichoni. Alikuwa Stipo, baba yangu wa ubatizo, aliyemzika mkewe Ruža juzijuzi tu. Jeneza limempita na ngoma, naye analia mdomo wazi. Kidole kikabonyeza. Hakusikia kitu.

Kamera hii alinipa binamu yangu Geri alipoichoka, kumbe bado imeunganishwa na simu yake, kila picha inamfikia, naye ameipeleka hiyo kwenye maonyesho ya picha ya Jumamosi, imeshatundikwa ukumbini kwa jina lake! Nikamwambia, "Kaka Geri, itoe." Akacheka: "Wee kinda la bata, unaogopa hata kumsalimia muuza mikate, nani ataamini ni yako?" Na kwetu mwenye kinyago hana uso, uso wake ukionekana, anachekwa mwaka mzima. Natamani niiponde simu yake kwa nyundo! Nifanyeje? Ndizo hizo hatua za Geri mlangoni, anafuata betri ya akiba. Barua hii siifichi tena. Aisome!

Janja, Mohács

Janja,

Geri ni mwizi, mwambie mimi nimesema. Lakini wewe nawe! Barua nzima unawaka kwa ajili ya jina lako, Stipo umemtaja kama mti uliokuwa njiani. Mimi nimezika mume, mwanangu. Nililia bandani kwa kuku ili watoto wasinione, na mtu angenipiga picha pale ningemvunjia ndoo kichwani. Eti hakusikia kitu! Kutosikia kwake ndiyo ruhusa?

Acha nyundo. Leo hii nenda kwa Stipo, mwonyeshe picha kwenye kiwambo, kisha nyamaza, hilo unaliweza. Akisema futa, futa mbele yake, halafu ongozaneni hadi ukumbini mkaishushe ile ya ukutani. Nataka nione Geri atamwita nani kinda la bata mbele ya mwanaume yule. Akisema ibaki, ibaki kwa jina lako na kwa idhini yake. Simu ya Geri iondoe kwenye kamera kabla hujalala.

Na ule mlio, urudishe. Siku nyingine ukimlenga mtu analia, asikie "kacha!", ageuke, auone na uso wako.

Ágota