Kisanduku cha Mama Yako

Mpendwa mwenzangu wa kitabu kimoja,

Tulimzika baba yako Aprili. Wiki iliyofuata kikundi cha maziwa kilifuta jina lake kwenye ule mfumo wa kompyuta uliowatengenezea, na mama yako akafutika pamoja naye. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, kila mtu asome.

Unakumbuka tulivyokikata kile kitabu cha chuo, cha uchambuzi na usanifu wa mifumo? Nakala moja, wanafunzi wawili, mimi Bulyaga, wewe kwenu Lufingo. Tulikilaza kwenye kaunta ya duka langu la kutoa kopi, wewe ukashika rula, mimi kisu. Uchambuzi kurasa 212 kwangu, usanifu kurasa 198 kwako. Nikalalamika kwamba nimebebeshwa kurasa kumi na nne zaidi. Ukasema, "Wewe utauliza watu, mimi nitajenga."

Nikaenda kuuliza watu jinsi kikundi kinavyokusanya maziwa. Nilikaa jikoni kwenu na karatasi, nikichora vile vijitu vya vijiti ambavyo kitabu kinataka visimame badala ya wahusika. Mama akainama kuvitazama.

"Mimi ni yupi hapa?"

"Huyu, mama."

"Mbona umenitoa bila kitambaa kichwani? Wageni wataniona."

Nikamchorea kitambaa. Kwenye mchoro wangu alikuwa na kisanduku chake mwenyewe, yaani nafasi yake ndani ya mfumo, maana yeye ndiye anayekamua na yeye ndiye anayebeba ndoo hadi barabarani. Wewe ukaja na nusu yako, ukakifuta. Ng'ombe ni wa mzee, ulisema, mwanachama ni mzee, mama aingie ndani ya kisanduku cha mzee. Ukavuta mstari wenye kialmasi, alama ya kitu kilicho sehemu ya kingine, ukakijaza wino.

Nilikusomea kutoka kwenye nusu yangu. Kwaya ikivunjika waimbaji wanabaki, kialmasi kinaachwa wazi. Nyumba ikibomolewa vyumba vyake vimekwisha, hapo ndipo kinajazwa wino. "Sasa mzee akifa, mama anakwenda wapi?"

Baba yako alikuwa mlangoni na kikombe chake. "Mnaniua na chai sijamaliza?"

Tulicheka wote, mama yako zaidi yetu. "Hilo tutarekebisha baadaye," ulisema.

Mfumo ule ndio uliokupatia kazi Dodoma. Uchumba wetu ukaishia kwenye simu moja fupi, hata salio langu halikuisha. Msibani nilikaa na majirani, maana sikujua tena nafasi yangu kwenu ni ipi. Ulizika, ukalala siku mbili, ukaondoka. Hukuona kilichofuata.

Mimi nilikiona, kwa sababu asubuhi ya kwanza baada ya jina kufutwa nilimsindikiza mama hadi kwenye gari la maziwa. Mpokea maziwa aliingiza namba, akatikisa kichwa. "Mama, namba imefungwa. Mashine haikujui."

"Mimi nimekuja na maziwa," akamjibu. "Namba sikuja nayo."

Watu kwenye foleni walicheka. Yeye hakucheka. Tulipandisha kilima na lita zote nane. Nyumbani akampa ndama, akawagawia majirani, yaliyobaki akayamwaga mgombani. Kisha akanishukuru kwa kumsindikiza. "Ndaga, mkamwana. Usimwambie mwenzako, ana kazi nyingi."

Bado ananiita mkamwana. Kila anapoita najisikia kama nimeshika kitu cha watu, nisijue nikirudishe wapi.

Viongozi wa kikundi wamekubali awe mwanachama kwa jina lake. Wanasema mfumo hauna mahali pa kumweka, na nywila ya kuubadilisha unayo wewe peke yako. Kazi yenyewe nimeipima, ni ya jioni moja. Nusu yangu ya kitabu ipo chini ya kaunta, ukurasa wa mwisho umeanza kuchanika pale kisu kilipopita. Yako sikudai. Kuhusu sisi wawili siulizi tena.

Gari la maziwa linapita tena Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi. Mama yako atakuwa barabarani na ndoo yake, kwa sababu nimeshindwa kumwambia asiende. Utamwekea kisanduku chake, au hutamwekea? Nijibu kabla ya Ijumaa magharibi, kwa neno moja.

Aliyekuwa mchumba wako